Msalaba Uliokuwa Zamu Yake

Katika majuma yale ya kufukuzwa kwa watu wa asili ya Kasai, Kolwezi nzima, mji wetu wa migodi huko Katanga, iliishi kwa maneno ya kusikia. Nikaambiwa kwamba jirani yangu, mjane wa asili hiyo aliyeuza mikate sokoni, alificha silaha chini ya magunia ya unga. Mimi, mwalimu wa sekondari, niliyaona magunia hayo kila siku, kwa kuwa uzio wetu ulikuwa mmoja. Chini yake palikuwa na sakafu ya saruji tu.

Wenzake wote wa mtaa walikwisha kwenda kituo cha reli kungoja treni ya kwenda Kasai. Yeye hakuondoka, na sababu ilikuwa moja. Jumuiya yetu ya sala ilikuwa na msalaba mdogo wa shaba, uliofuliwa na mchimbaji mmoja kutokana na mabaki ya nyaya. Ulikaa juma moja katika kila nyumba, na kanuni ilikuwa kwamba hautoki nyumba yoyote kabla ya kusaliwa humo. Juma lile ulikuwa kwake.

Alhamisi alasiri, siku yetu ya sala, nilimkuta amepanga viti, mlango wazi, kitambaa cheupe juu ya meza.

"Mama, hakuna atakayekuja," nilimwambia. "Nipe msalaba, uende."

"Tata," alisema, akiniita baba kwa heshima, "hatuyasali bado. Ikala."

"Huogopi?"

"Niko naogopa sana. Juu ya ile niko nasali."

Nikaketi. Tulikuwa wawili. Akaanza rozari. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila Alhamisi, wala haikuharakishwa.

Tulikuwa tukimaliza fungu la tatu kati ya matano walipoingia uani vijana wenye mapanga na minyororo.

"Bilulu, mutoke!" walipiga kelele. Ndivyo walivyowaita watu hao: wadudu.

Mkubwa wao akasimama mlangoni. "Mama, hii nyumba ni yetu sasa."

"Nimesikia. Tumebakisha mafungu mawili."

Wenzake wakacheka. "Padri mwanamuke!"

"Toa kofia, mutoto," mjane alimwambia mkubwa wao bila kugeuka. "Hapa banasali."

Sijui kwa nini kijana yule alitii, sitabuni sababu. Alivua kofia, akaishika mkononi, huku wenzake wakianza kubeba vyombo. Walichukua sufuria, godoro, magunia ya unga. Chini ya magunia hawakukuta kitu. Mmoja akaniinamia: "Tata, simama kidogo, tunabeba kiti." Nikasimama. Kiti kikaenda, nami nikapiga magoti sakafuni karibu na mjane, nikiitikia. Nyumba ikawa tupu, ila meza, msalaba na furushi moja pembeni, na yeye hakuruka hata Salamu Maria moja. Katika miaka yangu yote ya kanisa sijaona ibada iliyoongozwa kwa adabu kuu kuliko ile.

Alipomaliza, aliufunga msalaba katika kitambaa, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Juma ijayo ni kwako, Tata."

Kisha akainua furushi lake moja lililobaki, akampita kijana mwenye kofia mkononi, akamwambia, "Ubakie muzuri." Nilimsindikiza hadi kituoni. Njiani nilimuuliza alipata wapi nguvu zile.

"Bwana Yesu naye aliogopa mule mu bustani," alisema. "Alitoka jasho. Lakini alisali mpaka mwisho. Mi nilikuwa namufuata tu."

Juu ya yaliyompata baadaye nimesimuliwa mambo mengi, na hakuna msimuliaji aliyeyaona. Siyarudii.

Alhamisi iliyofuata nilipanga viti na kuuacha mlango wazi. Walikuja wengi, wale wa jumuiya waliokuwa wamejifungia majumbani Alhamisi ile. Mmoja aliuliza tunamwombea nani. Nikanyoosha mkono kuelekea nyumba ya pili, ile ya mjane, ambamo sasa moshi wa jiko la watu wengine ulikuwa ukipanda, nikaanza fungu la kwanza polepole, kama alivyolianza yeye.