Ugonjwa wa Amplifaya ya Mzee Faraji

Efrazia, fundi redio wa Kibaha, hakuwahi kutolewa jasho na kitu kama amplifaya ya gitaa ya Mzee Faraji wa Kisarawe. Ilikuwa ya zamani, ile ya taa za kioo badala ya transista. Mara mbili aliitengeneza, ikapiga kutwa mezani kwake bila kukohoa. Mara mbili mzee akaenda nayo harusini, taa zikaiva wekundu kama makaa, fyuzi ikakata.

Ugonjwa aliujua. Taa zile huhitaji umeme hasi wa kuzizuia. Huo ukipungua, hunywa umeme kupita kiasi mpaka ziungue. Alishabadilisha daiodi, akabadilisha kapasita. Kila akipima, mita ilisoma volti hasi arobaini na mbili, sawasawa kabisa. Sasa ubovu uko wapi?

Mzee alipopiga simu tena, Efrazia alifunga vifaa akamfuata Kisarawe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, kama imekushinda, sema. Taa zangu ni hizi mbili tu, na nyingine sijui nitazipata wapi."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuuma Efrazia zaidi.

Aliifungua pale sebuleni, akawasha, akapima. Hasi arobaini na mbili. Akangoja. Hasi arobaini na mbili. Alitamani kuivurumisha mita dirishani.

"Leo inakuonea haya," alisema Mwanakheri, mke wa mzee, akijipepea kwa ncha ya khanga. "Na joto lote hili, feni tumezima upate soketi."

Feni! Kule Kibaha feni humpulizia mezani kutwa, na amplifaya huwa wazi. Harusini imefungwa sandukuni, inajipika yenyewe. Efrazia akaifunika kwa boksi, mita ikaanza kushuka. Arobaini. Thelathini na moja. Kumi na tisa.

"Zima!" alijipigia kelele mwenyewe, akachomoa waya.

Alizitoa taa zisije zikaungua, akawasha tena, akasogeza chuma cha moto cha kulehemu karibu na kila kipuri. Alipofika kwenye rezista moja ndogo, mita ikaanguka hadi sifuri. Rezista ileile aliyoipima mara ngapi sijui, ikiwa baridi, akaipitisha.

"Mshenzi wewe," aliiambia.

Aliweka mpya, akarudisha taa, akafunga sanduku. Mzee akapiga gitaa mpaka adhana ya alasiri, taa zisigeuke rangi. Lakini taa moja ilishaumia kule harusini. Sauti ilitoka na mkwaruzo.

"Nitauzoea," mzee alisema, akicheka.

Efrazia hakucheka. Alikusanya vifaa vyake, hasira juu yake mwenyewe haijaisha.