Maua ya Pale Mferejini

Juzi nilienda Kawangware kumwona dada yangu, nikashuka mapema ili nitembee kidogo. Pale palipokuwa na bustani ya waridi sasa kuna duka la mabati, na fundi anachomelea milango. Nilisimama nikanusa. Sijui nilitarajia nini. Chuma tu.

Kama ulikulia upande ule miaka ya sabini, pengine unaukumbuka mfereji wa maji na si maua. Sikulaumu. Bustani ilikuwa ya kila mtu, iliachwa na wazungu, ina viti viwili vya mawe, lakini sisi tulifuata maji. Tulipanga foleni na madebe yetu, migongo tumeyapa maua. Asubuhi baada ya manyunyu yalinukia hadi tulipo, yakashindana na mafuta ya taa kwenye sweta zetu, na hakuna aliyegeuka. Mimi niligeuka siku mwiba uliponishika sketi.

Halafu akaletwa mtunzaji, mzee mmoja wa Kitui, mwenye koti la mvua alilolivaa hata jua likiwaka. Jirani yetu, mama mwenye sauti kubwa, alikuwa akimtania kila asubuhi.

"Mzee, hayo maua yako yanapikwa na nini?"

"Hayapikwi, mama. Yananuswa."

"Basi leo watoto wangu watanusa, walale!"

Foleni nzima ilicheka. Mzee pia alicheka, huku akichanganya mavi ya ng'ombe na udongo.

Baridi ya Julai ilipoingia, aliikata ile miti yote ya waridi mpaka vikabaki vijiti vya urefu wa goti, kisha akaenda likizo kwao. Tangu wazungu waondoke hakuna aliyekuwa ameigusa. Mvua ya mwaka huo ilikuwa imetupita, na githeri ya nyumbani ilikuwa mahindi matupu, maharagwe unayahesabu. Nyanya yangu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia giza, alinishika mkono pale mferejini.

"Wewe ndiye unaona vizuri. Hii miti imekufa?"

"Imekufa, Cucu."

"Kabisa?"

"Kabisa. Hata jani haina."

Kesho yake alikuja na jembe, pamoja na yule jirani na akina mama wengine watatu. Kufikia Jumamosi vijiti vilikuwa kuni, na udongo ule mweusi umejaa miche ya sukuma wiki. Sisemi walikuwa wezi. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba ua hukatwa hivyo ili lichanue. Kwetu mti uliokatwa hivyo ni kuni. Tena sukuma ilinawiri sana, maana mbolea ilikuwa ya mzee, na mimi niliila na nikaongezwa.

Mzee aliporudi hakupiga kelele. Alikuja mpaka mlangoni kwetu na begi lake begani, akainama kwenye rundo la kuni, akachukua kijiti kimoja, akakikwaruza kwa ukucha. Chini ya gome kulikuwa na kijani kibichi.

"Si nilikuonyesha hii?" akaniambia, polepole tu.

Nyanya akamkaribisha chai. Alikunywa, akashukuru, akaenda. Pale mferejini hatukumwona tena.

Nimejaribu miaka mingi kukumbuka kama kweli alinionyesha. Pengine alinichanganya na mtoto mwingine. Tulikuwa wengi kwenye foleni, sweta zote za rangi moja. Au pengine alinionyesha kweli, nami nikampa nyanya jibu aliloonekana kulitaka. Sina elimu ya kupima mambo kama haya. Kila nikiandika hivi naona najitetea, nikiandika vile naona najisingizia.

Sukuma nayo haikudumu. Baada ya misimu michache vilikuja vibanda, kisha maduka, na mfereji ukafungwa. Sasa hakuna hata mahali pa kumwonyesha mtoto kwamba hapa palikuwa na kitu.

Lakini liko jambo moja ambalo silitilii shaka. Jioni ile, mzee alipokwisha kwenda, nyanya aliyekuwa amesikia ule mkwaruzo bila kuona kitu aliniuliza, "Anasema alikuonyesha nini?"

Nikamwambia, "Sijui, Cucu," nikakitia motoni kile kijiti alichokiacha mzee. Hakikutaka kushika. Kilitoa povu na moshi, nyanya akapangusa macho, akasema kuni za siku hizi ni mbichi.