Mlango wa Kulia

Jirani yetu amerudi kutoka umra. Kaleta tende na maji ya Zamzam, lakini mimi nilikuwa nimemwomba jambo moja tu: akifika Jeddah, apite Ruwais anitazamie kile kijiji cha wavuvi. Akanambia, "Ruwais mafi, mwanangu." Yaani hakuna. Nyumba zimevunjwa, pamebaki kiwanja. Tangu jana sina raha.

Ngoja nikwambie kwa nini. Utotoni tulikaa Riyadh, mtaa wa Murabba, baba akiwa mhasibu wa kampuni moja pale. Mama alikuwa dereva hodari tangu kwao Unguja, lakini kule alikaa miaka kando ya baba, mkoba mapajani, akimkosoa kila kona. Kisha ukaja ule mwaka wanawake waliporuhusiwa kuendesha. Mama akapata leseni, tukala biriani. Raha haikudumu. Kodi ya familia za wageni nayo ilipanda, baba hakuiweza, ikaamuliwa mimi na mama turudi Unguja moja kwa moja. Yeye angemaliza mkataba ndipo atufuate. Ndege ilikuwa iondokee Jeddah. "Nitawapeleka kwa gari," baba akasema. Mama akamjibu, "Nitakupeleka mimi."

Tulianza na kasri la Murabba, ambalo lilikuwa nyuma ya nyumba yetu miaka yote na hatukuwahi kuliingia. Kuta za udongo, ndani ubaridi wa mtungi. Njiani kila ngome iliyoonekana mama alisimama, hata ikiwa gofu la mnara mmoja tu. Sasa najua alikuwa anachelewesha. Wakati ule mimi niliona raha ya sambusa na chai ya hiliki kwenye chupa, na kule Taif, tulipopanda kwenye minara ya mawe, nyani wakatuibia maandazi yote.

Na kila tukirudi garini, mama alifungua mlango wa kulia. Kwetu dereva hukaa kulia, kule hukaa kushoto. Baba alisimama nje, mikono kiunoni. "Dereva, umekaa kwangu." Basi wanabadilishana, mama anawasha gari, halafu hasogei. "Funga mkanda, bwana. Siondoki." Baba hakuupenda mkanda hata kidogo, akidai unambana kuliko kafili aliyemwajiri. Aliufunga huku analalamika.

Ruwais tulifika mchana. Kijiji cha ajabu kile. Jiji limekizunguka, bahari imefukiwa ikasogezwa mbali, lakini mashua bado ziliegeshwa milangoni mwa watu, sambamba na magari. Bibi mmoja alituona tunashangaa, akatuita ndani, akatupa wali wa samaki wenye vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vyeusi. Kichwa cha samaki akampa mama. Mama alizitazama kuta za mawe ya matumbawe, akasema amejiona yuko kwao. Baba akamwambia, "Mkataba ukiisha tutakuja kuhiji sote, tufikie kwa huyu bibi." Mama akalia palepale, mbele ya sinia, na yule bibi akawa anampangusa machozi kwa ncha ya mtandio wake bila kuuliza kitu.

Mkataba haukuisha. Moyo wa baba ulisimama akiwa kazini, akazikwa kulekule. Kaburi lake hatujaliona mpaka leo. Ruwais ndiyo iliyokuwa imebaki kwangu, pahala ambapo ningeweza kwenda nikasema baba alikaa hapa, akala, akacheka. Sasa nayo mafi.

Kuna kitu baba alinambia kwa simu, miezi michache kabla hajafa. Alisema siku ile, alipotuacha uwanja wa ndege, alirudi garini akafungua mlango wa kulia, akakaa. Alikaa muda mrefu, anamngoja mama aje kuendesha. "Usimwambie mama yako," akasema, "atanicheka."

Jana, jirani alipoondoka, nilimwambia mama. Alikuwa anachagua mchele. Hakucheka. Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Mkanda alifunga?" akauliza.

Nikamwambia alifunga.