Kopo la Maharage Yasiyoiva

Mama hakuwahi kupanda maharage ya rangi moja. Kwenye kibuyu chake, kilichoning'inia juu ya moto jikoni kule Matombo milimani, mlikuwa na mekundu, ya njano, ya kijivu yenye madoa, na meusi madogo ambayo sisi watoto tuliyachukia kwa sababu yalikuwa hayaivi. Yote yalikaa pamoja ndani ya majivu yakipata moshi, na masika yakikaribia yaliingia ardhini pamoja. Mbegu hiyo alipewa na mama yake, ambaye naye alipewa na wake. Shamba la mteremkoni lilikuja kwa njia hiyo hiyo, maana kwetu Waluguru ardhi inapita kwa wanawake, na siku moja vyote viwili vingekuwa vyangu. Jirani akiishiwa mbegu alikuja kwa mama. Yeye hakuwa ameomba mbegu kwa mtu yeyote maisha yake yote, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mimi nilikuwa mwalimu wa baiolojia mjini Morogoro. Tuliishi Mwembesongo, vyumba viwili. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa wote, na kila mtu alikuwa anajifunza upya namna ya kuishi. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani. Mwezi wa kwanza alivaa sare yake kila asubuhi, akakaa nayo barazani. Mwezi wa pili akaivua, akaanza kuuza mitumba asubuhi na kupika mchana, habari ambayo mama yake hakuambiwa. Sisi walimu tuliuza barafu za ukwaju dirishani kwa wanafunzi wale wale tuliowachapa asubuhi. Nilikuwa naogopa kila kitu wakati ule: kodi ya nyumba, barua ya kupunguzwa, hata ukimya wa mume wangu.

Darasani nilifundisha namna viumbe wanavyobadilika. Mada ile niliipenda, nikiisema kwa Kiingereza na kuirudia kwa Kiswahili ili waelewe. Viumbe wa aina moja hawafanani, niliwaambia. Mazingira yakigeuka, ile tofauti ndogo isiyo na maana jana ndiyo inayomwokoa mwenye nayo leo. Nikapiga mstari chini yake ubaoni. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Mwalimu, sasa huyo atakayepona anajulikanaje mapema?" Nikamjibu kwamba hajulikani, nikafuta ubao. Nilijiona naielewa mada vizuri kabisa.

Likizo ya Desemba nikaenda nyumbani. Malori ya wanunuzi kutoka Dar yalikuwa yameanza kufika hadi chini ya misheni. Zamani mazao yalinunuliwa na ushirika, siku ushirika ulipokumbuka kuja. Sasa bwana mmoja alishuka kwenye lori, akachota maharage ya mama kwenye kiganja, akayarudisha guniani.

"Mchanganyiko huu Dar hawautaki, mama," alisema. "Unaiva nusunusu. Nitafutie ya njano matupu, nachukua yote."

Mama alikunja uso. Mimi nikaona yule bwana ana akili. Nikakaa na ungo siku mbili nzima, nikatenga ya njano upande mmoja, mengine yote upande wa pili. Kama ningeishia hapo, tukauza ya njano, kusingeharibika kitu. Lakini nilikitaka na kibuyu cha mbegu pia. Nilitaka masika yale shamba zima liwe la njano.

"Mwanangu, haya meusi ni ya mvua," mama alisema. "Haya mekundu ni ya jua. Haya ya madoa sijui ni ya nini, ila mama aliyapanda."

"Mama, dunia imebadilika. Na sisi lazima tubadilike."

Nilisema hivyo mimi, kwa sauti ile ile ya darasani. Nilikuwa mtoto wake aliyesoma; mama aliuza ndizi miaka mingi ili nisome, na nadhani alitaka elimu ile imrudishie kitu. Akanipa kibuyu. Majirani waliposikia kwamba mwalimu amesema hivyo, nao wakashika ungo. Yale ya rangi nyingine yaliliwa Krismasi, mteremko mzima, na mimi nikafungiwa kopo moja la maziwa ya unga lililojaa mchanganyiko, niende nalo mjini tukale.

Masika yalianza vizuri. Kisha mvua ikakataa kukatika. Kutoka Mwembesongo milima haikuonekana kwa wiki tatu, mawingu yalikuwa yameishukia hadi miguuni. Nilifundisha huku nasikiliza bati. Kila Jumamosi nilikwenda sokoni kuwatafuta akina mama wanaoshusha ndizi kutoka Matombo, nikiamkia kabla sijafika, "Shikamoo mama, huko maharage yakoje?" Wa kwanza alisema yameota. Wa pili alisema majani yameingia kutu. Wa tatu aliitikia "Marahaba, mwanangu," akaanza kupanga ndizi zake bila kunitazama.

Pasaka nikapanda mlima kwenda nyumbani. Barabara ilikuwa imekatika sehemu mbili, nikamalizia kwa miguu. Mteremko wetu ulikuwa mweusi. Nilishika mche mmoja, ukaniachia mkononi bila kuvuta, shina limeoza pale lilipogusa udongo. Jirani vile vile, na jirani wa jirani. Miaka mingine ya mvua kama ile, mama aliwahi kupoteza nusu, lakini nusu nyingine ilisimama, na hakuna aliyejisumbua kuuliza kwa nini.

Mama nilimkuta jikoni. Kibuyu kilikuwa kimeoshwa na kuinamishwa juu ya jiwe kikauke.

"Vuli inakuja," alisema. "Niende kuomba kwa nani? Wote wamekufuata wewe."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Ndipo nikakumbuka kopo.

Sikumwambia, nilimuaga tu nikisema nawahi shule. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu milo. Mume wangu anapika kila siku. Maharage anapika mara tatu kwa wiki, wakati mwingine nne, maana nyama ilikuwa ya wenye bahati. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipolishika lile kopo lilikuwa zito au jepesi, na sikuweza, kwa sababu sikuwa nalishika. Jikoni sasa palikuwa pake. Nilimchukia kwa kupika. Nilimchukia kwa kupunguzwa kazi, kana kwamba alijipunguza mwenyewe.

Nilipoingia uani, sufuria ilikuwa juu ya jiko la mkaa. Harufu ilinijibu kabla sijauliza.

"Ya kwenye kopo?"

"Ndiyo. Pole na safari. Yamekwisha leo."

Nikakaa chini, pale pale kwenye tope, na mkoba wangu mapajani. Akaja mbio akidhani mama amefariki. Nilipomweleza, akaingia ndani na kutoka na kopo.

"Yamebaki haya magumu," alisema. "Kila nikichambua nayatoa, natia humu tena. Yanakula mkaa wangu bure, hayaivi. Nilikuwa nangoja nipate wa kumpa kuku wake."

Alilimimina kwenye sinia. Yalikuwa meusi, karibu yote, yamefika robo ya kopo. Kati yake mlikuwa na machache ya kijivu yenye madoa. Hakuna jekundu hata moja. Mekundu huiva haraka, tulikuwa tumeyala. Nilicheka, kisha nikalia, na yeye akabaki ameshika kopo tupu asijue la kufanya na mkewe.

Jumamosi iliyofuata nikarudi Matombo nimelikumbatia lile kopo njia nzima. Mama alinawa mikono kwanza. Akayamwaga kwenye ungo, akayasogeza kwa kidole, taratibu, moja moja. Mabega yake yakashuka.

"Mkwe wangu ameyatunza," alisema.

"Hakuyatunza, mama. Aliyakataa."

"Basi mwambie asante kwa kukataa."

Aligawa yale maharage mafungu mawili kwa ubavu wa kiganja. Fungu moja alilitia kwenye kibuyu, akalifunika majivu. La pili akalirudisha kwenye kopo, akanipa mikononi. Sikuelewa. Yeye ambaye mbegu yake haikuwahi kulala nje ya jiko lake!

"Kaa nayo huko mjini," alisema. "Huku yakifa, yawe kwako. Na usiyachambue."

Nilitikisa kichwa kukubali. Akajiinamia tena kwenye ungo, akitafuta kitu, akapapasa hadi kwenye ukingo wake, na mimi nilijua anatafuta jekundu, hata moja. Baadaye akaupiga ungo ukatoa vumbi, akautundika ukutani.

"Haya ni ya mvua," alisema. "Jua likija je, mwalimu?"

Hakuwahi kuniita hivyo. Kwake nilikuwa "mwanangu" tu.