Folda ya Mama Haikuwa Tupu

Mama alipopata kiharusi, neno la kwanza kumrudia lilikuwa "eeh", na la pili "aa-aa". Mpaka leo ni hayo mawili tu, na kusema kweli anaendesha nyumba nzima kwayo. Mimi ndiye ninayeishi naye hapa Mtendeni. Kabla ya ugonjwa alikuwa msemaji asiyeshikika; aliuza asali maisha yake yote, na muuza asali mkimya hana wateja. Bahati nzuri nilikuwa na tabia ya kumrekodi kwa simu akisimulia habari za babu yake, aliyekuwa mpagazi, akibeba mizigo ya misafara kwenda pwani. Simu ile ilikufa zamani, lakini sauti nilikuwa nimeshazihamishia kwenye flashi. Msiniulize kwa nini sikuweka nakala nyingine. Nimeshajiuliza mwenyewe, kwa maneno makali kuliko yenu.

Asubuhi moja nilipeleka flashi hiyo kwenye stesheneri huko Gongoni, nichapishe picha ya mama ya kumtumia dada yangu. Picha ilitoka vizuri. Niliporudi nyumbani nikaichomeka kwenye kompyuta yangu, nikafungua folda ya mama. Sauti hazipo. Chini ya dirisha la folda kompyuta imeandika faili moja tu, nayo ni kitu kidogo kisichofunguka, ambacho sikukiweka mimi.

Nikarudi Gongoni mbio. Mwenye duka, mtu mpole asiyestahili maneno niliyomwanzia nayo, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akaitazama, akatikisa kichwa.

"Pole dada. Imeingia virusi hiyo. Hapa zinachomekwa flashi za mji mzima. Tuifute yote, itakuwa kama mpya."

"Uifute? Humo yumo mama yangu!"

"Lakini dada, si unaona mwenyewe hamna kitu?"

Mshale wa kipanya chake ulikuwa umeshafika kwenye neno la kufuta. Nikaichomoa flashi kwa mkono wangu, kwa fujo zaidi kuliko ilivyopasa, nikatoka. Njiani nililia waziwazi. Nilikuwa naomboleza mtu aliye hai, aliyekuwa nyumbani akisubiri nimpe chakula cha mchana.

Subira yavuta heri, husema watu, ila mimi subira sikupewa, nilipewa ukaidi. Na mtoto wa muuza asali haambiwi debe ni tupu kabla hajalinyanyua. Kwa hiyo, mama alipokwisha kula, sikuifungua folda tena. Niliibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua pa kuonyesha sifa zake. Kompyuta ileile iliyosema faili moja sasa ikasema faili zaidi ya mia, na uzito wa gigabaiti kadhaa. Debe lilikuwa zito! Nani mwongo hapa? Niliikodolea macho mpaka nikaelewa kwamba mwongo hayupo. Hesabu ya chini ya dirisha ilihesabu yanayoonekana tu, na hii ya sifa ilihesabu hata yaliyofichwa. Kirusi kilikuwa kimezificha sauti za mama, na zenyewe zilikuwa humohumo.

Nikaingia kwenye mipangilio, nikaweka tiki pa kuonyesha faili zilizofichwa. Wapi! Nikaitukana kompyuta matusi ambayo zamani mama angenizaba kofi kwa kuyatamka. Chini zaidi nikaona tiki nyingine, ya kuficha faili za mfumo wa kompyuta yenyewe, na nilipoigusa likatokea onyo kwamba niiache. Nikaiondoa. Zikajitokeza zote, zimefifia rangi kidogo, kila moja na jina nililoipa mimi. Alhamdulillahi! Kabla ya lolote nikazinakili kwenye kompyuta, nikalinganisha sifa za folda zote mbili. Zilipishana kwa faili moja tu, kile kidudu kisichofunguka, ambacho nilikiacha nje makusudi.

Ndipo nikaibeba kompyuta hadi uani alikokaa mama, nikafungua sauti mojawapo bila kuchagua. Ikatoka sauti yake, nzima, yenye kasi. Msafara umeshaipita Tura, umeingia nyika ya Mgunda Mkali, hakuna kijito wala kisima, wapagazi wanalamba umande kwenye majani. Mama akainua kichwa.

"Eeh," akasema. "Eeh."

Katikati ya nyika ile, msimulizi kwenye kompyuta akakatiza. "We mwana, umekaa tu na hiyo simu? Kiu ya wapagazi unaisikia, mwenye koo kavu hapa humwoni? Kaniletee maji!"

Mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, machozi yakimtoka, kisha akanitazama akingoja. Nikainuka. Nilimletea maji, nikamshikia kikombe akanywa, na kwenye kompyuta alikuwa bado ananigombeza kwamba nimechelewa.