Laini ya Kungojea

Telefone ya mupya ilifika mu miezi ya mvua, mu sakoshi ya muchungaji mwenye alikuwa anarudi mu safari. Binti yangu njo aliituma. Yeye anaishi mbali, kule wenye kuhamisha wakimbizi walimupeleka na bwana yake, mutoto akazaliwa kule kule, na tangu aende hatujaonana kwa macho. Telefone yangu ya zamani ilikuwa inamupelekea sauti tu, kwa sababu jicho lake la foto lilikufa. Alichoka kusikia mama bila kumuona. Ninamuelewa. Hata miye nilichoka kumusikia mujukuu wangu akilia na kucheka sawa ndege mu pori, bila kujua anafanana na nani.

Ninaandika mambo haya na sijui kama ninayaandika sawa. Masomo yangu iliishia primeri. Mwenye alisoma zaidi angepima jambo hili haraka kuliko miye, lakini telefone ilikuja kwangu, basi ni miye nilipima.

Nianze na mazuri yake, kwa sababu haifai kuanza na ubaya wa zawadi. Ni nyepesi. Haikwame. Foto yake inaonyesha hata vumbi juu ya majani ya muhogo. Ya zamani ilikuwa imechoka kabisa: betri ilivimba, na kioo kilipasuka kule juu, pale penye mistari ya rezo, ya mutandao, inaonekana, hata sikuwa ninaiona tena. Kubadilisha ilikuwa lazima. Swali lilikuwa kama ninahamia aina hii ingine, yenye haifanane na zile tunatumia sisi wote huku.

Mabaya yake nilianza kuyaona siku ya kwanza ku soko ya Nchelenge. Kamba yake ya chaji iko na kichwa yake yenyewe. Baba mumoja Muzambia anachaji telefone za watu na nguvu ya jua, na iko na kamba za kila namna zinaning'inia sawa matumbo ya mbuzi. Alijaribu moja, akajaribu ingine.

“Bamayo, hii kichwa yake iko tofauti. Ukuje na kamba yako. Bila kamba, utakuwa na kioo ya kujiangalilia tu.”

“Miye nilikwisha kujiona,” nilimuambia. “Hakuna kitu ya mupya pale.”

Alicheka sana, na hakunilipisha.

Tena haina pahali pa kutia kadi ya nyimbo. Koro yetu ku kanisa, nyimbo zote ziko mu kadi, na wenzangu wanarushiana telefone kwa telefone, mara moja. Ya kwangu ilikaa katikati yao sawa mugeni mwenye hasikie luga. Na inapenda kuuliza: neno la siri, kiisha neno lingine la kulinda lile la kwanza. Nililisahau, ikanifungia inje mpaka binti yangu alinisaidia kutoka kule kwake.

Lakini hizo ni taabu za mikono, na mikono inazoea. Taabu ya kweli ilikuwa moja: ile telefone iko na pahali pa laini moja tu.

Yangu ya zamani inabeba mbili. Moja ni ya Zambia, ya kila siku. Ya pili ni ya Kongo. Wanawake wengi mu kambi yetu ya wakimbizi wako nayo, na tunaiita laini ya kungojea. Hatupige nayo, kwa sababu inite zake, feza ya kupigia, zinauzishwa ngambo ya ziwa, na rezo yake haifike ku kambi. Tunaibeba tu. Siku tunaenda ku ziwa kununua samaki, upande wa Mununga, kuko pahali fulani pa muchanga kwenye rezo ya Kongo inavuka maji. Pale utaona wanawake wamesimama, mizigo chini, kila mutu na telefone yake mukononi, wanaangalia ngambo. Hakuna mwenye kupiga. Tunangojea tupigiwe. Wakati wa kukimbia kutoka Kongo kila mutu alibeba mu kichwa numero za watu wake, na zile numero ni za Kongo. Ukiacha yako, umefunga mulango na mutu iko inje.

Miye ninangojea mutoto wangu wa kwanza, kaka ya huyu binti. Siku tulivuka, mutumbwi ulijaa, na mwenye mutumbwi alisema wanawake na watoto wapande, wanaume wangojee mwingine. Yeye alikuwa bado na sauti ya mutoto, lakini alienda kusimama na wanaume. Ile laini yeye njo alininunulia zamani ku soko ya kwetu, yeye mwenyewe hakuwa na telefone, na alinifundisha numero ya ile laini akiiimba mpaka niliishika. Pale ku maji alisema neno moja: “Mama, usibadilishe numero. Nitapiga.” Mutumbwi mwingine ulifika bila yeye. Ku Kenani, kwenye walitupokea, niliuliza watu wa kila mutumbwi wenye ulifika. Hawakumuona.

Nilimuelezea binti yangu juu ya pahali pa laini moja. Alisema pole pole, sawa mutu anasema na mugonjwa:

“Mama, achana na ile laini. Kama kaka yangu angekuwa hai, angekwisha kupiga.”

“Wewe unajua?”

“Sijue. Lakini we pia haujue. Miye niko hai, mama. Mutoto wangu iko hai. Tukungojee mpaka wakati gani, juu ya mutu mwenye hajapiga hata siku moja?”

Hakusema vibaya. Nilitafuta kosa mu maneno yake na sikulipata. Nikihamia ile telefone, ni kama ninakubali kaka yake alikufa. Nikikataa, ni kama ninamuambia yeye kama mutoto mwenye hayuko anapendwa kuliko mutoto mwenye iko. Pande zote mbili nilikuwa ninamuuza mutoto mumoja.

Jirani yangu iko mama wa mapasa, na kambi nzima inamuita vile. Yeye njo alinionyesha njia, na aliionyesha akisonga bukari, bila hata kugeuka, akiniita yaya, sawa dada yake mukubwa.

“Yaya, kichwa yako inapenda kazi mingi. Ununue katelefone kadogo ka mabutoni, utie laini ya Kongo mule. Ile mukubwa utamuangalilia mujukuu. Banakutumia telefone ya waziri, na unalia! Miye ningelia, lakini ningepiga foto ya kulia kwangu.”

Niliona haya. Jambo rahisi hivi, na nilikuwa nimelala nalo wiki na wiki. Nilinunua kadogo, na tulipoenda Mununga kuchukua chisense, tule tusamaki tudogo twa kukausha, tulipita kwanza pahali petu pa kungojea.

Ilikuwa asubuhi. Wanawake walikuwa wanamwaga chisense kwenye muchanga, na harufu yake ilikuwa imekwisha kupanda. Nilitoa kadi mu telefone ya zamani na ukucha, nikaitia mu kadogo. Kakawaka. Lakini hakakuonyesha hata mustari mumoja wa rezo.

“Ngojea, kanatafuta,” mama wa mapasa alisema.

Tulingojea. Yake ilikuwa na mistari yote. Alinipokonya kadogo, akakapandisha juu, akakazungusha.

“Kako namna gani haka? Bo, acha nikupigie. Niko na inite kidogo zenye bwana ya dada yangu alinivushia.”

Numero yangu anaijua, kwa sababu niliiimba mbele yake miaka yote hii. Aliweka telefone yake ku sikio, akaanza kucheza miguu.

“Inalia, yaya! Inalia!”

Niliangalia kadogo mukononi mwangu. Kalikuwa kimya.

“Hapa haiko inalia.”

“Inalia, ninakuambia! Miye ninasikia na…”

Akasimama kucheza. Mutu alikuwa ameitika. Mama wa mapasa alinipatia telefone, kiisha akaweka kichwa chake karibu na changu asikie.

“Alo?” Ilikuwa sauti ya mwanaume kijana.

“Alo, papa. Jambo. Hii numero ni ya nani?”

“Ni yangu, mama. We ni nani?”

“Ni yangu pia,” nilisema.

Alifikiri ninamushitaki. “Mama, miye niliinunua ku Pweto, mu duka, na karatasi yake. Haiko ya kuiba.”

“Sisemi uliiba.”

“Laini yenye haitumike banaifunga, kiisha banaiuzisha tena. Ni vile. Ulikuwa unatia inite?”

Sikuwa ninatia. Hakuna mwenye alinifundisha kama laini inakufa na njaa. Nilifikiri kuibeba kunatosha. Nilimuambia ilikuwa laini ya kungojea tu, nikamuomba musamaha juu ya usumbufu, na nilikuwa ninatoa telefone ku sikio, kwa sababu inite zilikuwa za mwenzangu. Nikamusikia anasema:

“Ngojea, mama. Uko na mutoto mwanaume?”

“Niko naye.”

“Kulikuwa mutu alikuwa anapiga. Ile miezi ya kwanza. Nikiitika anasema, ‘Mama? Mama, ni miye.’ Ninamuambia hapana, papa, umekosea. Anapiga tena. Nilifikiri ni bale ba wizi, benye kusema ‘mama, nitumie feza’. Nikaomba benye kampuni ya laini bamufunge asinipate tena.”

Mama wa mapasa alinishika mukono.

“Numero yake uko nayo?”

“Nilibadilisha telefone, mama. Nilihamia aina ingine. Numero zote zilibaki mu ile ya zamani, na ile niliiuzisha.”

“Sauti yake ilikuwa namna gani?”

“Ya mwanaume, mama. Sauti ya mutu mukubwa.”

Miye nilimuacha na sauti ya mutoto. Hata angenipata miye mwenyewe, siku ile ya kwanza, labda ningemuambia pia: hapana, papa, umekosea.

Inite za kusema ziliisha pale. Zile tulikuwa nazo za mwisho, za kuandika mesaje, mama wa mapasa alimutumia numero yangu ya Zambia. Kiisha tulinunua chisense yetu na kuifunga mu gunia, kwa sababu gari halitungojee.

Nilipima tena, vile ninapima kila kitu. Yule kijana hana kosa, angejua namna gani? Mwenye duka hana kosa. Wenye laini, nao wana sheria yao, na laini yenye haiseme kitu, wanafikiri mwenyewe alikufa. Hata wao walifikiri vile. Na yule mutu wa kupiga, sina haki ya kusema ni wangu. Kongo ni kubwa, na mwanaume yeyote anapiga na kusema “mama, ni miye”. Labda ni wa mwanamuke mwingine, mwenye anasimama pahali pengine na telefone yake mukononi. Yote hayo ninayasema. Lakini pia ninasema hili: sijue ni mara ngapi nilisimama Mununga na kioo kilichopasuka, nikiangalia ngambo, na kile nilishika hakikuwa kinangojea kitu.

Basi niliingiza laini ya Zambia mu telefone ya mupya. Hakukuwa tena sababu ya kukataa. Binti yangu alipiga siku ile ile, na uso wake ukatokea, mukubwa, karibu, umenenepa kidogo.

“Mama! Ninakuona! Angalia nyanya yako, angalia!” Akaleta mutoto mbele.

Niseme kweli. Nilitafuta uso wa mutu mumoja mule, na sikuupata. Mujukuu wangu anafanana na watu wa baba yake. Ni muzuri hata hivyo. Alipiga kioo na kiganja chake, sawa anataka nimufungulie.

“Mama, juu ya nini macho yako iko vile?”

Huo ni ubaya mwingine wa telefone ile, na sikuwa nimeupima: haifiche kitu. Na ile ya zamani ningesema ni moshi wa jikoni, na sauti yangu ingenisaidia. Hapa hakukuwa msaada. Nikamuelezea. Mununga, kijana wa Pweto, mutu mwenye alisema “ni miye”.

Uso wake ulitoka. Niliona mbao za juu ya nyumba yao, nyeupe, na taa. Alikuwa ameweka telefone chini. Nilimusikia analia, na mutoto anamuuliza mu luga yao ya kule.

“Nilisema alikufa,” alisema, bila kujionyesha. “Mama, miye nilisema alikufa.”

“Ulisema haujue,” nilimuambia. “Ulisema vile. Nilisikia.”

Mu telefone hii, numero ya kwanza niliandika mwenyewe ni ile yangu ya zamani. Nikishuka Mununga ninatia inite, sasa ninajua, mu laini ingine ya Kongo yenye walininunulia ngambo, na kadogo kanapiga ku ile numero. Kijana wa Pweto anaitika haraka. Aliomba wenye laini wafungulie kila mutu mwenye walikuwa wamemufunga, numero hawakumuonyesha, hata wale ba wizi, na sasa wanamusumbua, na hanilaumu.

“Jambo, mama. Bado. Hajapiga.”

“Sawa, papa. Kazi inaenda?”

“Inaenda.”

Nilimuomba kitu kimoja tu. Siku atataka kubadilisha telefone tena, aniambie kwanza. Alisema ataniambia.