Mtungi Aliotuletea Karani

Harufu ya pombe ya ndizi iliyoiva inanitia hasira mpaka leo. Nilikuwa mtoto mdogo, kwetu Kibimba, enzi za Mwingereza, siku watu wa karani mmoja wa serikali walipoleta mtungi kwa babu. Sisi wajukuu tulidhani ni posa, tukarukaruka. Kumbe uliletwa kumnyamazisha shangazi Stefania.

Shangazi alikuwa mjane, mtu mzima. Alikwenda Biharamulo kumpikia na kumfulia huyo karani. Kule hakuwa na ndugu, Kiswahili chake cha kubabaisha, na alilazwa jikoni, nje ya nyumba kubwa, mlango hauna komeo. Mke wa karani alipokwenda kwao kujifungua, yule bwana akamwingilia kwa nguvu. Shangazi akarudi kwa miguu, akamweleza mama yangu yote, nami nipo pale nachambua maharage. Hakulia. Alisema tu, "Wifi, kule sirudi."

Kwetu wazee wakishafyonza mirija katika mtungi mmoja na upande wa mkosaji, kesi imekwisha, wala haitajwi tena. Basi wakaketi, wakafyonza, wakataniana. Mmoja akasema, "Lakini Stefania naye, mbona hakupiga kelele?"

Mama akamjibu kutoka uani, "Alipiga. Ulitaka asikike mpaka huku Kibimba?"

Wakamwambia anyamaze. Babu akamwita shangazi. "Yamekwisha, mwanangu. Tumekunywa. Urudi kazini, karani ameahidi hatarudia."

"Nani amekunywa, baba? Mimi sijanywa."

Akafunga mzigo wake, akahamia Nyakahura, akalima shamba la kuazima. Wakamwita kichwa kigumu. Baada ya mavuno karani akachukua mfanyakazi mwingine, mwanamke wa Kaniha. Waliojua walikuwa wengi. Hakuna aliyemwonya, kwa kuwa walishakunywa.

Siku hizi mabinti wetu wanapanda basi kwenda kazi za ndani, na sheria ipo, na simu wanazo. Juzi binti wa jirani yangu, mwanamke mzima, karudi na habari ileile. Nikampeleka polisi mwenyewe. Askari kijana akaniambia, "Shikamoo bibi," kisha akataka twende tukamlete baba wa binti kwanza. Shikamoo yake sikuiitikia. Tulikaa kwenye benchi lake mpaka akachukua kalamu.